Kuchapa ramani kwa skeli sahihi: maswali ninayoulizwa kila siku dukani

Nina duka la kuchapa ramani hapa Dar es Salaam: plota moja (mashine ya kuchapa karatasi kubwa za roli) ya inchi 36, printa mbili za A3, na benchi ambalo halikosi mtu aliyeshika flashi. Wanaokuja ni wachora ramani, wanafunzi wa ufundi, wapima ardhi, na wenye nyumba waliotumwa na fundi. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa. Mifano mingi ni ya AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, kwa sababu ndiyo faili ninazoletewa zaidi, na majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye kioo.

Skeli ya 1:100 maana yake nini hasa?

Kitu cha sentimita 100 kwenye nyumba kinakuwa sentimita 1 kwenye karatasi. Ukuta wa mita 4 unakuwa sentimita 4. Kwa 1:50 ukuta huo huo unakuwa sentimita 8, ndiyo maana 1:50 inaitwa skeli kubwa kuliko 1:100 ingawa namba yake ni ndogo. Hilo huwachanganya hata waliosoma.

Neno la kushika hapo ni "kwenye karatasi". Kwenye kioo cha kompyuta hakuna skeli, maana picha unaivuta mbele na nyuma utakavyo. Skeli inakuja pale mchoro unapowekwa kwenye karatasi yenye ukubwa unaojulikana. Kwa hiyo ukiandika "1:100" peke yake umesema nusu ya jambo. Andika "1:100 kwenye A3", na yeyote atakayeshika nakala ya ukubwa mwingine atajua mapema kwamba asiiamini.

Sasa kwenye kompyuta nichore kwa skeli gani?

Usichore kwa skeli yoyote. Chora kitu kwa ukubwa wake halisi: mlango wa milimita 900 uchore 900. Waliojifunzia kwenye ubao wa kuchorea na kalamu za wino wana mazoea ya kugawa kwanza ndipo wachore, na wengine wameyahamishia kwenye AutoCAD. Mtu anachora nyumba ikiwa imegawanywa kwa 100, kisha anashangaa kwa nini vipimo vinasoma 9 badala ya 900, na anaanza kuvirekebisha kimoja kimoja kwa mkono. Hiyo ni kazi ya wiki nzima, na ikifika siku ya kuhamisha ukuta, vipimo ulivyoandika kwa mkono havitahama nao.

Nichore kwa milimita au kwa mita?

Zote zinafaa, ilimradi ujue umechagua ipi na usichanganye. Wachora majengo wengi hutumia milimita. Wapima ardhi hutumia mita, kwa sababu koordineti zao ziko kwa mita. Shida inaanza mchora nyumba anapoletewa faili ya kiwanja kutoka kwa mpima na kuibandika kwenye faili yake: kiwanja cha mita 30 kinaingia na ukubwa wa milimita 30, kidogo kuliko tofali. Ikienda kinyume, choo ulichokipakua mtandaoni kwa milimita kinaingia kwenye mchoro wa mita na kufunika mtaa mzima. Kimeshawahi kuletwa hapa dukani choo cha namna hiyo, cha mita 700.

Tiba ni amri ya INSUNITS. Andika 4 kama faili ni ya milimita, 6 kama ni ya mita. Ikiwa faili zote mbili zimeambiwa ukweli, AutoCAD inageuza yenyewe wakati wa kuingiza. Kama tayari umeshabandika, zidisha au gawanya kwa 1000 kwa amri ya SCALE, kisha pima kitu unachokijua, mfano mlango, kabla ya kuendelea.

Naweza kuchapa moja kwa moja kutoka "Model"? Leyauti inanichosha.

Unaweza. "Model" ni sehemu ya AutoCAD unapochorea kitu chenyewe. Kwenye dirisha la kuchapa, ondoa tiki ya "Fit to paper" na ujaze uwiano mwenyewe. Kwa mchoro wa milimita, skeli ya 1:100 ni 1 mm kwa yuniti 100. Kwa mchoro wa mita, ni 10 mm kwa yuniti 1. Wengi wanakosea hapo pa mita: wanachagua 1:100 kwenye orodha, mchoro unatoka nukta moja katikati ya karatasi, na wanadhani plota imeharibika. Haijaharibika. Nyumba ya mita 15 imesomwa kama milimita 15, ikagawanywa kwa 100, ikawa milimita 0.15.

Lakini kwa kazi yenye kurasa zaidi ya moja, jifunze leyauti. Leyauti ni karatasi yenyewe: unaiambia ni A1 au A3, unaweka fremu na kisanduku cha jina, halafu unafungua dirisha la kuangalia mchoro, lile ambalo programu inaliita viewport. Skeli inakaa kwenye dirisha hilo. Karatasi moja inaweza kuwa na madirisha matatu: ramani ya sakafu kwa 1:100, ngazi kwa 1:20, kiwanja kwa 1:500. Leyauti yote unaichapa 1:1, kwa sababu karatasi ni karatasi, haina haja ya kugawanywa na chochote.

Kuweka skeli kwenye dirisha: bofya mara mbili ndani yake, andika Z, bonyeza Enter, kisha andika uwiano na XP mwishoni. Kama umechora kwa milimita, 1:100 ni 1/100XP. Kama ni kwa mita, gawanya 1000 kwa skeli yako: 1:100 ni 10XP, 1:50 ni 20XP, 1:200 ni 5XP, 1:500 ni 2XP. Mimi nimeziandika kwenye kipande cha karatasi kando ya kioo tangu mwanzo, na bado nakiangalia.

Niliweka 1:100 jana, leo imekuwa kitu kisichoeleweka. Nani amegusa?

Wewe, na gurudumu la mausi. Ukiwa ndani ya dirisha la leyauti, kila unapozungusha gurudumu unabadilisha skeli. Ukimaliza kuiweka, toka nje ya dirisha, bofya ukingo wake, na kwenye sifa zake weka "Display locked" iwe Yes. Kufuli hilo likiwepo, gurudumu linasogeza karatasi nzima bila kugusa skeli.

PDF yangu iko sawa, lakini karatasi inatoka ndogo kidogo. Kwa nini?

Hili ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko mengine yote, na linatokea baada ya mchoraji kumaliza kila kitu vizuri.

Printa nyingi za ofisini haziwezi kupaka wino hadi ukingoni mwa karatasi. Zinaacha ukanda mweupe wa kama milimita 4 kila upande. Programu ya kusomea PDF inalijua hilo, na kwa nia njema inakupunguzia ukurasa ili uenee ndani ya ukanda huo. Kitufe chake kinaitwa "Fit", na mara nyingi ndicho kilichochaguliwa tayari. Kwenye A4 ukurasa unashuka hadi asilimia 96 hivi, kwenye A3 hadi 97. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Ramani inaonekana nzuri, fremu yote ipo, kisanduku cha jina kinasema 1:50.

Nilijifunza hili kwa gharama, mwaka wangu wa kwanza wa duka. Mama mmoja alinitumia ramani ya A3 ya 1:50, ikiwa na madirisha sita ambayo mchoraji hakuyaandikia vipimo. Nikachapa haraka, Fit ikiwa imechaguliwa, sikuangalia. Fundi wa aluminiamu akaweka rula yake juu ya dirisha la mita 1.5. Lilipaswa kusoma milimita 30. Likasoma 29. Akazidisha kwa 50, akapata mita 1.45, akakata fremu zote sita kwenye karakana yake kabla hajafika saiti. Tundu la ukutani lilikuwa mita 1.5 kama mchoraji alivyokusudia. Pengo la sentimita 5 kwenye kila dirisha. Nilichangia gharama ya fremu mpya, na sijachapa tena bila kupima.

Dawa yake: fungua PDF kwa Acrobat Reader, si kwa kivinjari wala kwa simu. Nenda sehemu ya kuchapa, chagua "Actual size". Kama unaona "Custom scale", andika 100. Usidanganyike na "Shrink oversized pages", maana ukurasa wa A3 kamili ni mkubwa kuliko eneo ambalo printa inaweza kupaka wino, kwa hiyo nayo itaupunguza vile vile. Kisha fungua sifa za printa yenyewe, kwa sababu baadhi zina kitufe chao cha kupunguza, kilichojificha kwenye ukurasa wa pili wa mipangilio. Acrobat ikisema 100 na printa ikasema 97, itafuatwa ya printa.

Na ukichagua "Actual size" halafu fremu ikakatwa pembeni, usirudi kwenye Fit. Fremu yako iko karibu mno na ukingo. Iweke milimita 10 kutoka ukingoni, na upande wa kushoto acha 20 za kutobolea na kufunga. Kiwango cha kimataifa cha karatasi za michoro kinataka hivyo hivyo.

Nitajuaje kwamba imetoka sawa kabla fundi hajaondoka nayo?

Chora mstari wa milimita 100 kwenye leyauti, karibu na kisanduku cha jina, na uandike juu yake "100 mm". Chora mwingine wa kusimama, urefu ule ule. Uchore kwenye karatasi ya leyauti yenyewe, nje ya madirisha, ili usifuate skeli ya mchoro. Ukichapa, weka rula juu yake. Ukisoma 100, toa nakala nyingine zote. Ukisoma 97, umekutana na Fit. Ukisoma 96, ni Fit hiyo hiyo kwenye A4. Ukisoma 71 au 50, mtu amechapa kwenye karatasi ya saizi nyingine.

Kwa nini miwili? Kwa sababu plota inasukuma karatasi kwa roli upande mmoja na kichwa cha wino kinatembea upande mwingine. Roli ikichoka, au ukiweka aina ya karatasi usiyoiambia mashine, urefu unaweza kukosewa huku upana uko sawa. Mstari mmoja hautakuambia hilo. Plota nyingi zina zoezi la kurekebisha mwendo wa karatasi kwenye menyu yake. Lifanye kila unapobadilisha aina ya roli.

Pamoja na mistari hiyo, weka skeli ya kuchorwa, ile ya pau nyeusi na nyeupe yenye 0, 1, 2, 5 na 10 m. Uzuri wake ni kwamba ramani ikipunguzwa, nayo inapungua pamoja nayo, kwa hiyo bado inasema kweli. Maandishi "1:100" hayana uwezo huo.

Karatasi ipi kwa skeli ipi?

Anza na kitu, gawanya, halafu ndipo utafute karatasi. Nyumba ya mita 18 kwa 14 kwa skeli ya 1:100 ni milimita 180 kwa 140. Inakaa A4 kwa kubanwa, A3 kwa raha pamoja na vipimo na kisanduku cha jina. Kwa 1:50 ni 360 kwa 280. A3 ni 420 kwa 297, kwa hiyo ukitoa kingo hakuna pa kuandikia chochote: nenda A2.

Saizi zenyewe: A4 ni 210 kwa 297, A3 297 kwa 420, A2 420 kwa 594, A1 594 kwa 841, A0 841 kwa 1189. Kila moja ni mbili za iliyo chini yake zikiwekwa ubavu kwa ubavu, na A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Roli ya inchi 24 ina upana wa milimita 610, inatosha A1 iliyosimama. Roli ya inchi 36 ni 914, inatosha A0.

Tumia skeli ambazo watu wana rula zake: 1:10, 1:20, 1:50, 1:100, 1:200, 1:500. Nimeletewa 1:130 "ili nyumba ijaze karatasi". Karatasi ilijaa kweli, na hakuna fundi aliyeweza kuipima.

Naweza kupunguza A1 iwe A3 ili nipunguze gharama?

Ndiyo, na ni jambo la kawaida kabisa kwa nakala za saiti. Kutoka A1 hadi A3 urefu unapungua nusu kamili, kwa hiyo 1:100 inakuwa 1:200 na 1:50 inakuwa 1:100, zote skeli zenye rula. Unachotakiwa ni kubadilisha maandishi ya skeli, au kuandika tangu mwanzo "1:100 kwenye A1, 1:200 kwenye A3". Kumbuka maandishi nayo yanapungua nusu: herufi ya milimita 2.5 itakuwa 1.25, na mzee anayesimamia ujenzi atakuuliza miwani. Ukijua A3 itatumika, andika kwa 3.5 au 5.

A1 kwenda A2 ni habari nyingine. Hapo urefu unapungua hadi asilimia 71, na 1:100 inakuwa 1:141. Hakuna rula ya 1:141. Nakala hiyo ni ya kutazama tu.

Sina plota, nina printa ya A4 tu nyumbani.

Kwenye Acrobat kuna "Poster". Weka "Tile scale" iwe 100, ruhusu kingo zipandane milimita 10 hivi, washa alama za kukatia, kisha bandika vipande. Kwa hesabu ya darasani A1 ni A4 nane, ila ukitoa kingo zisizochapika na zinazopandana zitazidi. Kwa kazi ndogo, kama kiolezo cha kukatia mbao au bati kwa ukubwa halisi, njia hii ni nzuri sana. Kwa ramani nzima ya nyumba, hesabu muda wako wa kubandika, kisha njoo dukani.

Nimetumiwa ramani WhatsApp. Ichape hivyo hivyo.

Imetumwa kama picha au kama dokumenti? Ikiwa picha, programu imeibana, na haina tena habari ya ukubwa wa karatasi. Ni doa la rangi zenye umbo la nyumba. Naweza kuichapa, lakini skeli itakuwa ya kubahatisha. Mwambie mchoraji aitume tena kama dokumenti, ikiwa PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye programu yake. Ukubwa wa ukurasa unasafiri ndani ya PDF. Ukiifungua, bofya sifa zake: ikiandika 841 kwa 594 mm, ni A1 kweli.

Picha iliyopigwa kwa simu juu ya meza, hata ikiwa safi, haina skeli moja. Upande uliokuwa karibu na kamera ni mkubwa kuliko wa mbali. Programu za kunyoosha karatasi zinaifanya ionekane mstatili, lakini hazijui urefu wake.

Nina nakala iliyokosewa na mchoraji hapatikani. Naweza kuitumia?

Mara nyingi unaweza, ikiwa kuna kipimo kirefu kimoja kilichoandikwa. Tuseme ukuta wa nje umeandikwa 12.00 m. Uweke rula: unasoma milimita 116 badala ya 120. Gawanya 12,000 kwa 116, unapata 103.4. Hiyo ndiyo skeli ya kweli ya karatasi uliyoshika, 1:103.4. Sasa pima chochote kwa milimita na uzidishe kwa 103.4. Chagua ukuta mrefu, maana kosa la nusu milimita kwenye kitu kifupi linakuwa kubwa. Rudia upande wa pili wa nyumba. Namba zikitofautiana sana, karatasi imevutwa, iachie hapo.

Angalia na eneo. Urefu ukipungua hadi asilimia 97, eneo linashuka hadi 94. Mwenye nyumba akinunua vigae kwa kupima karatasi ya namna hiyo, kwa kila mita 100 za mraba atapungukiwa na 6.

Kaka yangu yuko Marekani, amenunua ramani mtandaoni ya futi na inchi.

Ramani hizo huandikwa kwa mtindo wa "robo inchi ni futi moja", ambayo ni 1:48, au "moja ya nane ya inchi ni futi moja", ambayo ni 1:96. Zinakaribia 1:50 na 1:100, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukitumia rula ya 1:50 juu ya 1:48, ukuta wa mita 6 utausoma mita 6.25. Karatasi zao pia si A4. "Letter" ni milimita 216 kwa 279, fupi na pana kuliko yetu, kwa hiyo Fit itaingilia tena.

Ukipata faili yenyewe, igeuze: kama imechorwa kwa inchi, zidisha kwa 25.4 upate milimita. Kisha kaa na fundi mrekebishe kwa vifaa vyetu, kwa sababu ukuta wao wa mbao si ukuta wetu wa tofali la inchi 6. Hapo skeli haikusaidii tena.

Mistari yangu mingine haionekani kabisa.

Ni ya njano, sivyo? Kwenye kioo cheusi cha AutoCAD njano inapendeza, kwenye karatasi nyeupe inapotea. Wakati wa kuchapa chagua monochrome.ctb, na rangi zote zitatoka nyeusi. Kama ofisi yako ina faili yake ya CTB, ile inayoiambia mashine kila rangi itoke na unene gani, niletee pamoja na mchoro, kwa sababu bila hiyo mashine yangu itatumia ya kwake na ukuta utakuwa mwembamba kama mstari wa kipimo. Ukileta PDF iliyokwisha kutengenezwa, suala hili halipo.

Unene wa mistari hauhusiani na skeli kwa hesabu, lakini unahusiana nayo kwa rula. Mstari wa 0.7 mm kwenye 1:200 unafunika sentimita 14 za ukuta. Utapima kutoka ukingo upi? Kwa skeli ndogo tumia 0.18 hadi 0.35.

Natumia ArchiCAD, Revit, SketchUp au LibreCAD. Mambo ni yale yale?

Kwa kiasi kikubwa. Revit: skeli iko kwenye kila mwonekano, na kwenye mipangilio ya kuchapa chagua Zoom 100 badala ya "Fit to page". ArchiCAD nayo ina leyauti, mchoro ukae asilimia 100 ndani yake. LibreCAD ina ukurasa wa kutazama kabla ya kuchapa, na skeli unaichagua hapo.

SketchUp ndiyo inayoleta ubishi. Picha yake ya kawaida ina mtazamo wa macho, vya mbali ni vidogo, kwa hiyo haiwezi kuwa na skeli hata ukilazimisha. Washa "Parallel projection" kwanza, tazama kutoka juu au ubavuni moja kwa moja, ndipo utoe tiki ya Fit na ujaze uwiano.

Karatasi yenyewe haibadiliki?

Inabadilika. Karatasi inanyonya unyevu na kutanuka, zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Mwezi wa nne hapa Dar, roli iliyokaa nje ya mfuko usiku kucha hainyooki vizuri. Lakini tuwe na kiasi: plota nzuri ina kosa la kama asilimia 0.1 ikiwa imerekebishwa, yaani nusu milimita kwenye nusu mita ya karatasi. Kwa 1:100 hiyo ni sentimita 5 za nyumba. Unene wa kalamu ya fundi unakula karibu kiasi hicho hicho. Anayetaka usahihi zaidi asiutafute kwenye karatasi.

Kama skeli ni sahihi, kwa nini ramani zimeandikwa "usipime kwa rula"?

Kwa sababu zote nilizoeleza hapo juu, na kwa sababu mchoraji hajui nakala yake itapitia mashine ngapi. Kipimo kilichoandikwa kinatangulia daima. Rula ni ya kukagua na ya kukadiria. Kipimo unachokihitaji kisipoandikwa, mpigie mchoraji. Lakini mwandishi wa ilani hiyo naye asijifiche nyuma yake: fundi wa aluminiamu niliyemtaja alipima kwa rula kwa sababu hakuachiwa namba.

Nikija kuchapa nilete nini?

PDF yenye ukubwa wa karatasi uliyokusudia, siyo DWG, yaani faili ya AutoCAD yenyewe. DWG ikifunguliwa kwangu inaweza kukosa fonti, picha na faili ulizoziunganisha. Kwa AutoCAD tumia "DWG To PDF.pc3" na uchague karatasi zenye jina "full bleed", hazina kingo zinazoila fremu yako. Jina la faili liseme saizi: "Sakafu_A1_1-100". Niambie kwa mdomo pia.

Rula ya shule inatosha kupimia ule mstari wa 100?

Inatosha, lakini iangalie kwanza. Nyingi za plastiki mwanzo wake umelika, na nyingine sifuri haiko ukingoni kabisa, iko milimita chache ndani. Anza kwenye 1 na usome kwenye 11.